Maswali ya Wasomaji: Wastaafu na Safari Ndefu ya Ulaya

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wastaafu wa Nairobi wanaopanga kukaa Ulaya kwa wiki nyingi, si siku kumi za matembezi. Nyingi zinauliza kuhusu kile kipande cha mwanzo: viza, usiku wa kuondoka, na saa nane za kukaa kitini.

Swali: Mimi na mume wangu tulikuwa walimu. Viza zetu za Schengen (lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) zimetoka, zinaanza 1 Aprili na kuisha 14 Julai. Tutakuwa kwa binti yetu Rotterdam, Uholanzi, kisha twende Leeds wiki mbili kumwona kaka yangu, turudi Rotterdam, halafu nyumbani. Je, tukate tiketi ya kurudi 14 Julai? *(Mwalimu mstaafu, Buruburu)*

Jibu: Msiikate, Mwalimu. Stika ya viza ina mambo matatu ya kusomwa pamoja, na wengi husoma moja tu, zile tarehe. Tarehe zinaonyesha kipindi ambacho viza inaweza kutumika. Idadi ya siku mnazoruhusiwa kukaa imeandikwa sehemu nyingine ya stika hiyo hiyo, na kwa tarehe mlizopewa, yenu huenda inasema 90. Hesabuni kwa kalenda: 1 Aprili hadi 29 Juni ni siku 90 kamili. Siku ya kuingia inahesabiwa, na ya kutoka pia, hata mkitua saa tano usiku. Zile siku 15 zinazobaki hadi 14 Julai huwekwa makusudi ili safari ikisogea mbele msipoteze siku zenu. Zinawaruhusu kuchelewa kuanza, hazirefushi kukaa.

Jambo la tatu ni idadi ya kuingia. Stika huandika 01, 02 au MULT, yaani mara moja, mara mbili au mara nyingi. Leeds iko Uingereza, na Uingereza haimo Schengen. Kama yenu ni 01, siku mtakayotoka Rotterdam kwenda Leeds viza imekwisha kazi, hata kama mmetumia siku 40 tu. Kurudi kwa binti yenu hakutawezekana, na kampuni ya usafiri ndiyo itakayowazuia kabla ya afisa wa mpakani.

Dawa yake ni kupanga Leeds iwe mwisho. Mkate tiketi ya kwenda Nairobi–Amsterdam na ya kurudi London–Nairobi, zote mbili katika buking moja. Wakala yeyote wa tiketi anaielewa safari ya namna hiyo, na kwa kawaida hutoka nafuu kuliko kununua tiketi mbili za upande mmoja. Kurudi London–Nairobi chagueni ndege ya moja kwa moja, msipitie tena mji wa Schengen ambao viza yake mmeshaimaliza. Kati ya Rotterdam na London kuna treni ya Eurostar. Ukaguzi wa pasipoti wa pande zote mbili hufanyika kituoni Rotterdam kabla ya kupanda, kwa hiyo hapo ndipo siku zenu za Schengen zinapofungwa.

Viza ya Uingereza ni ombi tofauti. Iombeni mkiwa bado Nairobi. Majibu ya viza ya matembezi huchukua kama wiki tatu, na pasipoti haiwezi kuwa kwa balozi mbili kwa wakati mmoja; pangeni moja ifuate nyingine, na mwanze miezi mitano kabla.

Sasa kwa wale wanaouliza kama wanaweza kutoka kidogo halafu wakaanza hesabu upya. Sheria ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na hizo 180 hutembea pamoja nanyi. Kila siku mkiwa ndani, afisa huangalia nyuma siku 180, ikiwemo ya leo, na kujumlisha siku mlizokaa. Aliyekaa mfululizo kuanzia 1 Aprili hadi 29 Juni hawezi kuingia tena kabla ya 28 Septemba, na awe na viza inayomruhusu. Kwenda Romania au Bulgaria "kupumzisha siku" hakusaidii tena. Nchi hizo zilikamilisha kuingia Schengen 1 Januari 2025, na sasa nchi za Schengen ni 29. Uswisi, Norwe na Aislandi zimo ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Ayalandi, Kupro, Albania na Serbia hazimo. Hesabu yenyewe siku hizi haifanywi kwa kupekua mihuri. Mfumo wa kielektroniki wa kuingia na kutoka ulianza 12 Oktoba 2025, na unahesabu wenyewe. Siku moja ya ziada inaonekana, na itawasumbua mtakapoomba viza tena.

Swali: Tunataka kukaa Italia siku 25, Ujerumani siku 25 na Ufaransa siku 20, tukitua Paris. Tuombe viza ubalozi upi, na tuanze lini? *(Mzee na Mama, Donholm)*

Jibu: Ombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, huangaliwa nchi ya kuingilia. Mpango wenu una mvutano usio na faida: mbili zinalingana, na ya kuingilia ni ya tatu. Ongezeni siku mbili Italia, mpunguze Ujerumani, na suala limekwisha. Kisha buking za hoteli ziseme hivyo hivyo. Afisa hulinganisha tarehe za hoteli na fomu, mstari kwa mstari.

Ombi linaweza kupelekwa miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 lakini sheria inaruhusu hadi 45, na nafasi za miadi Nairobi hujaa kabla ya Juni. Anzeni miezi minne nyuma. Ada ni yuro 90 kwa kila mtu tangu Juni 2024, na juu yake gharama ya kituo cha kupokea maombi kama VFS Global. Hairudishwi mkinyimwa. Kila mmoja hujaza fomu yake. Ndoa haiwafanyi kuwa ombi moja, ingawa nakala ya cheti cha ndoa iwekwe kwenye faili zote mbili.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya. Alama za vidole hutumika tena kwa miezi 59. Vidole vya wazee vilivyozoea jembe au chaki wakati mwingine havisomeki. Pakeni losheni nyepesi usiku kwa wiki moja kabla ya miadi, lakini asubuhi ya miadi msipake chochote.

Mstaafu hana barua ya mwajiri, na hapo ndipo faili nyingi hulegea. Wekeni barua ya pensheni, taarifa ya benki inayoonyesha pensheni ikiingia mwezi baada ya mwezi, na hati za nyumba au shamba kuonyesha mna cha kurudia. Pesa nyingi zilizowekwa ghafla wiki moja kabla ya kuomba huzua maswali kuliko salio dogo linalotulia. Kama mtoto ndiye anayewagharamia, kila nchi ina karatasi yake: Ufaransa hutaka attestation d'accueil, hati ya kumpokea mgeni, kutoka ofisi ya meya wa anakoishi, Ujerumani hutaka Verpflichtungserklärung, hati ya kuahidi kuwagharamia. Mtoto huanza kuitafuta huko, si nyinyi huku, na apewe muda.

Bima ya safari ifikie angalau yuro 30,000, ikubalike nchi zote za Schengen, na ifunike siku zote mtakazokaa. Soma kipengele cha magonjwa uliyokuwa nayo kabla ya safari. Bima za bei ya chini mara nyingi huyaacha nje, na kwa mtu wa miaka 68 mwenye presha hicho ndicho kipengele chenye maana. Mkilipa zaidi hapo, pesa zenu hazijapotea.

Tiketi? Buking inatosha kuombea viza. Msilipie tiketi isiyorudishwa kabla stika haijakaa kwenye pasipoti.

Swali: Tiketi yetu inasema tunaondoka 00:10, Jumanne tarehe 12 Mei. Tufike uwanjani saa ngapi? *(Msomaji, Kasarani)*

Jibu: Jumatatu tarehe 11, saa tatu usiku muwe ndani ya jengo. Saa sita na dakika kumi usiku, kwa hesabu ya tiketi, tayari ni Jumanne, na kila mwaka kuna watu wanaofika Jumanne jioni na masanduku yao, ndege ikiwa imeondoka siku nzima nyuma. Andikeni kwenye kalenda ya ukutani siku ya kutoka nyumbani, si ya ndege kuruka.

Ndege nyingi za moja kwa moja kutoka Nairobi kwenda Ulaya huondoka usiku na kutua asubuhi. Hadi Amsterdam ni saa nane na ushei. Kwenye lango la uwanja wa JKIA abiria hushuka garini na kupita ukaguzi kwa miguu wakati gari linapekuliwa, kisha mnapanda tena. Asiyeweza kutembea vizuri amwambie afisa mapema badala ya kujikaza. Kuna ukaguzi mwingine mlangoni mwa jengo na mwingine kabla ya kupanda, na kila mmoja una foleni. Angalieni jengo kwenye tiketi, maana 1A na 1B si mlango mmoja.

Kama mnaunganisha ndege ndani ya Ulaya, tuseme Frankfurt kisha Roma, ukaguzi wa pasipoti wa Schengen hufanyika Frankfurt. Mtapigwa picha ya uso, na vidole vitalinganishwa na vile mlivyotoa mkiomba viza. Mara ya kwanza huchukua muda. Saa moja na nusu ya kuunganisha inawezekana kwenye karatasi. Kwa watu wa umri wenu chagueni tatu. Na ziwe kwenye tiketi moja. Mkinunua tiketi mbili tofauti kwa sababu ya elfu kumi za nafuu, ya kwanza ikichelewa kampuni ya pili haina deni nanyi, na masanduku mtayachukua na kuyasajili upya wenyewe.

Swali: Nina miaka 71. Natumia dawa za presha, mama watoto ana kisukari na anadunga insulini. Tunaogopa habari za damu kuganda miguuni. Tufanyeje? *(Mzee, South B)*

Jibu: Mzee, tuanze na miguu. Kukaa zaidi ya saa nne bila kusogea huifanya damu itulie kwenye mishipa ya shavu la mguu, na humo inaweza kuganda. Hatari ni ndogo kwa mtu mzima wa afya, na hupanda kwa aliyewahi kupata damu iliyoganda, aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga au goti karibuni, mwenye saratani au mnene sana. Mmoja wenu akiwa kwenye kundi hilo, amwone daktari kabla ya kukata tiketi.

Soksi za kubana zinasaidia zikiwa za kipimo. Za safari hufika chini ya goti na hubana kwenye kifundo kwa kiasi cha milimita 15 hadi 20 za zebaki. Namba hiyo huandikwa kwenye pakiti. Pima mzunguko wa kifundo na wa shavu la mguu asubuhi, kabla miguu haijavimba, ununue kwa vipimo hivyo, si kwa namba ya kiatu. Zivae nyumbani kabla ya kutoka. Ukingo wa juu usikunjwe chini hata kidogo. Ukikunjwa unakuwa kamba inayozuia damu, na soksi inafanya kinyume cha kazi yake. Na hili ni la mama: mwenye kisukari cha miaka mingi anaweza kuwa na mishipa ya miguu iliyoziba au ganzi nyayoni, na soksi hizo zikamdhuru. Asivae mpaka daktari apime mapigo ya miguu yake.

Bila soksi, kuna kazi ya kifundo: visigino sakafuni, inua vidole, kisha vidole sakafuni, inua visigino, mara 20 kila nusu saa ukiwa macho. Kaeni viti vya kando ya njia, kila mmoja upande wake, ili hakuna anayemruka mgeni kwenda chooni. Kunywa maji. Hewa ya ndani ni kavu sana. Watu huacha kunywa wakiogopa choo, na hilo ndilo kosa. Aspirini msianze kwa ajili ya safari bila daktari. Mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na maumivu, au pumzi ikakatika ghafla, hata wiki mbili baada ya kufika, hiyo ni dharura: kwenye nchi za Umoja wa Ulaya piga 112.

Kwa pumzi, mkaazi wa Nairobi ana bahati. Hewa ya ndani ya ndege hushikiliwa kama ya mahali palipo kati ya mita 1,800 na 2,400 juu ya bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700. Anayepanda kutoka Mombasa huhisi tofauti kubwa kuliko nyinyi. Hata hivyo mwenye ugonjwa wa mapafu au aliyelazwa kwa moyo karibuni anahitaji fomu ya daktari kwa kampuni ya ndege.

Saa za dawa hazihitaji hesabu ngumu. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Amsterdam, Paris na Roma ziko nyuma ya Nairobi kwa saa moja tu. Wakati wa baridi ni mbili. Aliyezoea kumeza saa tatu usiku hapa, kule ameze saa mbili, au asogeze taratibu. Dawa ya presha ile inayokojoza kwa kawaida humezwa asubuhi, kwa hiyo ndege ya usiku haiigusi. Usiiruke.

Insulini isiingie kamwe kwenye sanduku kubwa. Sehemu ya mizigo inaweza kuwa na baridi ya kugandisha, na insulini iliyoganda haifai hata ikiyeyuka, ingawa kwa macho inaweza kuonekana nzima. Dawa za maji zinasamehewa kile kikomo cha mililita 100. Zitoe kwenye mkoba uzionyeshe, pamoja na sindano na barua ya daktari. Barua itaje kiini cha dawa, amlodipine, losartan, metformin, si jina la kibiashara la dukani kwenu, ambalo mfamasia wa Lisbon huenda hajapata kulisikia. Bebeni za muda wote na wiki mbili za ziada, kwa sababu duka la dawa la Ulaya halilazimiki kukubali karatasi ya daktari wa Nairobi. Gawanyeni: nusu mkoba wako, nusu wa mama. Anayetumia dawa za maumivu za kundi la morfini aulize ubalozi mapema.

Swali: Watoto wanataka tuwapelekee vyakula vya nyumbani. Vipi vinaruhusiwa? *(Mama, Umoja)*

Jibu: Nyama na maziwa ya aina yoyote, hapana: nyama kavu, soseji, mursik, samli. Hata kipande kwenye sandwichi hunyang'anywa. Maparachichi na maembe hutaka cheti cha afya ya mimea, basi yaacheni. Ndizi, nanasi, nazi, tende na duriani ndizo matunda yasiyodaiwa cheti. Asali hadi kilo mbili kwa mtu. Unga wa ugali na majani ya chai havina tatizo. Unga ufungwe kwenye pakiti ya dukani, ukiwa na lebo. Unga mweupe kwenye mfuko usio na jina utawachelewesha, na mbwa hana haraka.

Pimeni sanduku nyumbani. Kilo 23 ni kikomo cha kawaida, na hakuna sanduku moja linalokubaliwa kuzidi kilo 32. Pawabanki hukaa mkoba wa mkononi tu. Ya 20,000 mAh ni kama saa-wati (Wh) 74, chini ya kikomo cha 100. Soketi za Ulaya bara zina matundu mawili ya mviringo, kwa hiyo plagi zetu za pini tatu zinataka adapta. Umeme wenyewe ni volti 230, chaja zenu zitafanya kazi.

Swali: Mume wangu hutembea vizuri lakini si mbali. Kiti cha magurudumu uwanjani kinalipiwa? *(Msomaji, Lang'ata)*

Jibu: Hakilipiwi. Omba kupitia kampuni ya ndege angalau saa 48 kabla, na utaje hali yake kwa usahihi, kwa sababu kuna daraja tatu. WCHR ni wa anayepanda ngazi mwenyewe lakini hawezi umbali. Huyo ndiye mume wako. WCHS hawezi ngazi, WCHC hutakiwa kubebwa hadi kitini. Ukiomba ya juu kuliko hali yake, anaweza kuulizwa fomu ya daktari bila sababu. Mkifika, msiondoke kitini mpaka msaidizi aje mlangoni. Na mwambie mzee asione haya. Viwanja kama Schiphol vina mwendo wa kilomita nzima kati ya geti na mizigo.

Swali: Ndege ikichelewa sana, kuna fidia? *(Msomaji, Kawangware)*

Jibu: Inategemea kampuni na upande wa safari. Sheria ya Ulaya, namba 261 ya 2004, hufunika ndege yoyote inayoondoka Umoja wa Ulaya, lakini zinazoingia kutoka Nairobi hufunikwa zikiwa za kampuni ya Ulaya tu, kama KLM, Air France au Lufthansa. Kwa umbali huu, kufika mkiwa mmechelewa saa nne au zaidi ni yuro 600 kwa kila abiria. Kati ya tatu na nne inaweza kupunguzwa nusu. Hali mbaya ya hewa na mgomo wa waongoza ndege havilipiwi. Hifadhini pasi ya kupandia na risiti za chakula.

Sanduku lisipotokea, andikisheni ripoti hapo hapo ukumbini kabla ya kutoka, mpewe namba. Madai ya sanduku lililoharibika yapelekwe kwa maandishi ndani ya siku 7, na ya lililochelewa ndani ya siku 21 tangu mlipolipokea.

Swali: Pensheni yetu huingia benki na tunatumia simu kutoa. Laini itafanya kazi kule? *(Wastaafu, Embakasi)*

Jibu: Washeni huduma ya kutumia laini ng'ambo mkiwa bado Nairobi, na mjaribu na wahudumu wa kampuni ya simu. Namba za siri za benki huja kwa ujumbe mfupi kwenye laini hiyo hiyo, na isipowashwa kadi haitasaidia pale mtandao wa benki unapotaka uthibitisho. Zimeni data ya laini ya Kenya mara mtuapo, laini yenyewe ibaki kwenye simu kwa ajili ya ujumbe, na data mnunue laini ya huko. Simu ya nafasi mbili za laini ndiyo ya kusafiria. Bebeni kadi mbili za benki mbili tofauti, kila mmoja yake, na muiambie benki tarehe za safari ili isifunge kadi ikiona malipo kutoka Rotterdam.